Mwanatarikhi Mbele ya Baraza: Mjadala Juu ya Vitabu vya Kilwa

Katika zama hizi ambazo mtungaji wa kitabu haachwi kukaa nyumbani kwake baada ya kukitoa, bali huitwa redioni, vyuoni na katika mikutano ya wasomaji ili aeleze kwa ulimi yale aliyokwisha kuyaeleza kwa kalamu, imezuka hoja ambayo wapenzi wa elimu ya tarikhi hawana budi kuipima kwa makini: je, mazungumzo na wanatarikhi juu ya vitabu vyao huongeza elimu, au huipunguza? Ili hoja isibaki maneno matupu, nimeituliza mahali pamoja, napo ni Kilwa Kisiwani, mji ambao habari zake zimeandikwa kwa Kiarabu, kwa Kireno, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kila aliyeziandika akajiona kuwa amezishika kama zilivyokuwa. Nimewaita wasemaji wanne, nao sikuwapa majina kwa sababu kila mmoja wao ni fikira kabla ya kuwa mtu: Maalim, ambaye umri wake umepita katika kusomesha tarikhi na ambaye haamini neno lisilokuwa na hati, Mwanahabari, ambaye kazi yake ni kuwahoji watungaji mbele ya umma, Mchimbuzi, ambaye husoma mambo ya kale katika udongo na vigae, na Bibi Msimulizi, ambaye hukusanya masimulizi ya wazee wa pwani na bara. Kiti cha mwenyekiti nimekikalia mwenyewe, nikijizuia kusema kadiri nilivyoweza.

MAALIM: Naanza kwa kuwaomba radhi wenye redio na wenye majarida, kwa kuwa sina ugomvi na watu, nina ugomvi na desturi. Mtu aliyekaa miaka mingi akisoma hati zilizofifia, akalinganisha nakala na nakala, akaandika sentensi moja kisha akaifuta kwa kuwa ushahidi wake haukutosha, huyo ameweka kitabuni mwake kila alicho na haki ya kukisema. Na kila huenda, na kila yamkini, na kila kwa kadiri tujuavyo, ameiweka mahali pake kwa mizani. Kisha mnamwita mbele ya hadhira, mnampa nusu saa, mnamwuliza awaambie kwa ufupi waliojenga Kilwa walikuwa akina nani. Naye, ama kwa adabu, ama kwa haya, ama kwa kupenda kushangiliwa, hujibu kwa ufupi kama alivyotakiwa, na katika ufupi huo zile huenda na yamkini zote hudondoka. Mfano hauko mbali. Mwezi wa Machi 2023 jarida la sayansi liitwalo Nature lilitoa matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani yetu na jirani zake baina ya miaka ya 1250 na 1800 hivi, wakiwamo waliozikwa Kilwa na Songo Mnara. Wachunguzi waliandika kwa hadhari kwamba nasaba za wengi wa watu hao zilichanganyika, upande wa Afrika ukitoka zaidi kwa akina mama na upande wa Asia ukitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Tena wakaonya kwamba asili ya damu si asili ya lugha wala ya ustaarabu. Ilipofika vinywani mwa watu, huyu alitoka nayo akisema imethibiti kuwa sisi ni Waajemi, na yule akitoka na hiyo hiyo akisema imethibiti kuwa hatukuwa Waajemi kamwe. Onyo halikusafiri pamoja na habari. Ndiyo maana nasema: kitabu kikiwapo, na kisomwe, na mtungaji aachwe apumzike.

MWANAHABARI: Maalim, nimekusikiliza kwa heshima yako, wala sitakana kuwa katika kazi yetu wako wanaomwendea mtungaji hali wamesoma jalada tu. Lakini nitakujibu kwa shahidi ambaye wewe mwenyewe humtaja kila usomeshapo habari za Kilwa. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyowapa watu, na akasimulia habari ya fakiri wa Yemeni aliyemwomba Sultani nguo alizozivaa, naye Sultani akampa. Habari hizi, ambazo pasipo hizo tungejua machache sana juu ya Kilwa ya enzi ile, hazikuandikwa na msafiri kwa mkono wake. Aliporejea kwao Maghrib, Sultani Abu Inan wa Fez aliamrisha zihifadhiwe, na katibu jina lake Ibn Juzayy akaketi naye, mmoja akisimulia na mwingine akiandika, hata kitabu kikatimia mnamo mwaka 1355. Sasa kitabu kile, Maalim, ni nini kama si mazungumzo baina ya mtu aliyejua na mtu aliyeuliza? Lau Abu Inan angekuwa na rai yako, akasema msafiri na aachwe apumzike, leo ungesomesha nini?

MAALIM: Shahidi uliyemleta ni wangu, wala si wako. Baina ya 1331 na 1355 ni miaka 24, na katika miaka hiyo mtu yule alikwisha kuona India na Visiwa vya Maldivi na nchi nyingine kadha wa kadha, kila mji ukimfunika mji uliotangulia. Ibn Juzayy naye hakuwa kalamu tupu. Alikuwa adibu, akapamba maneno, akatia mashairi, na penginepo akachukua sifa za miji kutoka katika kitabu cha Ibn Jubayr aliyesafiri kiasi cha karne na nusu kabla yao. Na matokeo yake ni nini? Ni kwamba katika kitabu hicho tunaambiwa Kilwa ni katika miji mizuri mno, kisha tunaambiwa kuwa majengo yake yote ni ya miti. Miti! Katika mji ambao mawe yake yangali yamesimama hadi leo! Msomaji hajui kama kosa ni la macho ya msafiri, au la kumbukumbu yake, au la kalamu ya katibu, au la mnakili aliyekuja baada yao. Hayo ndiyo matunda ya mazungumzo.

MCHIMBUZI: Hapo, Bwana Mwenyekiti, naomba nafasi, maana ardhi nayo ina la kusema. Ni kweli kwamba siku zile za Ibn Battuta msikiti mkuu wa Kilwa ulikuwa wa mawe, na ni kweli kwamba Sultani yule yule aliyemkaribisha ndiye anayenasibishwa na Husuni Kubwa, kasri la mawe ya matumbawe na chokaa lililojengwa juu ya genge nje ya mji, lenye vyumba vinavyozidi mia moja na birika la pembe nane, na ambamo jiwe lenye jina lake limepatikana. Hata hivyo nisingeharakisha kumwita msafiri mwongo. Mji wa pwani, zamani kama sasa, ulikuwa na majumba ya mawe machache na nyumba nyingi za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Aliyepita katika mitaa ya watu wengi akataja aliyoyaona wengi wakikaa ndani yake, huyo amesema sehemu ya kweli na kuifanya kuwa kweli yote. Kosa hapa, kwa rai yangu, ni la mwulizaji. Ibn Juzayy alikuwa na mtu mzima mbele yake, mwenye macho na kumbukumbu, akaandika alichopewa bila ya kumwuliza: ulikaa siku ngapi, ulipita upande gani wa mji, na ni kipi ulichoelezwa tu bila ya kukiona? Ndugu yangu Mwanahabari asione fahari kuwa kitabu kile ni mazungumzo. Na aone soni kuwa ni mazungumzo ambayo mwulizaji wake hakuuliza.

MWANAHABARI: Soni hiyo naipokea, kwa kuwa inanifaa. Ikiwa ubaya umetokana na swali lisiloulizwa, basi dawa yake ni kuuliza, wala si kunyamaza. Maalim anataka tufunge mlango kwa sababu kuna waliopita pale bila ya kufuta miguu.

BIBI MSIMULIZI: Mabwana, mmezungumza juu ya msafiri aliyepita, wala hamjamtaja mwenyeji. Kilwa ina tarikhi yake iliyotungwa na mtu wa Kilwa, kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, ambacho mwandishi wake hakutuachia jina, na ambacho kiliandikwa katika karne ya kumi na sita, baada ya Wareno wa Francisco de Almeida kuupiga na kuupora mji mwezi wa Julai 1505. Dibaji yake yaahidi milango kumi, ilhali nakala iliyotufikia, ambayo ilichapishwa Uingereza mwaka 1895, haifiki huko. Mwenzake ni ule muhtasari wa tarikhi ya wafalme wa Kilwa alioutia João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, mtu aliyekuwa na cheo katika nyumba ya biashara ya India mjini Lisbon na ambaye hakupata kuikanyaga pwani hii. Vitabu hivi viwili ni ndugu, lakini ndugu wasiopatana: majina ya wafalme hayalingani, urefu wa enzi zao haulingani, wala nasaba ya mtu wa kwanza haisimuliwi kwa namna moja. Wanazuoni wamekwisha kuonyesha kwamba tofauti hizo si za usahaulifu peke yake, bali zina alama ya makundi yaliyogombania kiti cha Kilwa wakati wa kuandikwa kwake. Sasa mimi ningalipewa nusu saa ile ya Maalim, na huyo mtungaji asiye na jina akaketishwa mbele yangu, nisingalimwuliza kama ni kweli jahazi saba zilitoka Shirazi, wala kama ni kweli kisiwa kilinunuliwa kwa nguo ya kukizunguka. Ningalimwuliza: bwana wangu, mji wako umeporwa juzi, na watu wako wanagombana nani ana haki ya kutawala; ni nani katika wao aliyekuwa akikutazama ulipokuwa ukiandika? Na kwa nini walionunua kisiwa wana nasaba ndefu, na aliyekiuza hana sifa kwako ila ukafiri wake?

MAALIM: Swali ni zuri, Bibi, lakini hatajibu. Amekufa.

BIBI MSIMULIZI: Hajibu yeye, lakini anajibiwa. Katika enzi ya Wadachi, Carl Velten alikusanya maandiko ya Waswahili, akayachapisha mwaka 1907, na miongoni mwake mna khabari za kale za Kilwa Kisiwani kama watu wenyewe walivyozisimulia. Humo mwenye kisiwa ana jina, Mrimba, na ana kabila, na waliomtangulia kisiwani wametajwa. Na binti yake ameolewa na Mshirazi, na mtoto wa ndoa hiyo ndiye aliyeunganisha haki ya upande wa pili na haki ya upande wa kwanza. Nguo ya kukizunguka kisiwa imo pia, lakini sasa imesimama mahali pa mahari kama ilivyosimama mahali pa bei. Mtungaji wa Kiarabu alisimulia ununuzi. Wasimulizi wa Kiswahili wakasimulia ukwe. Msomaji wa kitabu kimoja hatajua kuwa kuna jambo la kuuliza, mpaka akisikie cha pili.

MAALIM: Nami nikuulize, Bibi, kwa mizani yako mwenyewe. Khabari hizo za Velten zilisimuliwa karne nne karibu baada ya zile za Kiarabu, mbele ya serikali ngeni iliyokuwa ikipima ardhi na kuteua maliwali, maakida na majumbe. Je, wazee waliosimulia hawakuwa na shamba la kutetea, au cheo cha kudai kwa njia ya mama? Mbona mwandishi wa Kiarabu awe na hila, na msimulizi wa Kiswahili awe malaika?

BIBI MSIMULIZI: Sikusema kuwa ni malaika, Maalim wangu, na hoja yako ndiyo hasa ninayoitaka. Nataka waulizwe wote, mwenye kalamu na asiye nayo, kwa ukali ule ule. Tazama jambo lililo karibu zaidi na sisi, katika vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa hiyo hiyo, ambako mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Gavana aliyekuwa na mamlaka wakati ule, von Götzen, alitoa kitabu chake mwaka 1909, na kitabu cha mtawala juu ya maasi dhidi ya utawala wake huwa, kwa sehemu kubwa, ni utetezi. Miaka 60 ikapita. Kisha wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam wakaenda kwa wazee, wakauliza na kuandika, na mwaka 1968 Gilbert Gwassa na John Iliffe wakatoa kitabu kidogo cha kumbukumbu za vita vile, ambamo mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na viboko vya maakida, na habari za Kinjikitile wa Ngarambe na maji yake, vinasimuliwa na watu waliovibeba miilini mwao au waliovipokea kwa wazazi wao. Wazee wale waliulizwa, tena waliulizwa vizuri. Na jambo moja likasimuliwa na wengi, likapimwa kwa kulinganishwa. Basi mazungumzo yakiwa na adabu ya kulinganisha huwa hati. Yakikosa adabu hiyo huwa porojo.

MCHIMBUZI: Adabu hiyo ya kulinganisha, Bibi, ndiyo inayonirudisha Kilwa, kwa kuwa nina kisa ambacho Maalim na Mwanahabari watagombania kila mmoja akisema ni chake. Tarikhi zote za Kilwa zamtaja mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi, naye ni Ali bin al-Hasan. Alikuwapo lini? Freeman-Grenville, katika kitabu alichokitoa mwaka 1962 juu ya tarikhi ya kale ya pwani ya Tanganyika, aliifuata hesabu ya maandiko, akaitoa 957. Akaja Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi na kuiongoza taasisi ya Waingereza ya tarikhi na mambo ya kale katika Afrika ya Mashariki. Yeye alizitazama sarafu za Ali bin al-Hasan, akatazama zimelala katika tabaka gani za udongo na pamoja na vyombo gani vya kigeni, akasema mwaka 1965 kwamba maandiko yamemtanguliza mtu huyu mno, na kwamba haki yake ni kuwekwa mwishoni mwa karne ya kumi na mbili. Mwaka 1974 akatoa kitabu chake cha Kilwa katika majuzuu mawili, na kwa miaka kadhaa shauri likaonekana limekwisha: udongo umeshinda wino. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zikafukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizozikwa pamoja na dinari chache za dhahabu za nchi za nje, na dinari hizo, ambazo huandikwa mwaka wa kupigwa kwake, hazikuvuka karne ya kumi na moja. Miongoni mwa zile za fedha zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Basi mtu hawezi kuandikwa katika sarafu iliyozikwa kiasi cha karne moja kabla hajatawala. Tarehe ya Chittick ikaanguka, na ile ya Freeman-Grenville nayo haikusimama kama ilivyokuwa. Kweli ikaonekana imekaa baina yao, karibu zaidi na wino kuliko ilivyodhaniwa.

MWANAHABARI: Na Chittick alisemaje alipoulizwa?

MCHIMBUZI: Chittick alifariki mwaka huo huo wa 1984.

MAALIM: Mnaona basi! Hakuna aliyemwita mtu yule barazani akamsumbua, wala hakuna aliyehitaji kumwita. Kitabu chake kilikuwapo; ameandika humo kila sarafu aliyoipata, tabaka alimoipata, na sababu zilizomfanya aseme alivyosema. Waliokuja baada yake walichukua dinari za Mtambwe, wakaziweka kando ya majedwali yake, wakaona wapi pa kusahihisha. Kitabu kizuri hujibu maswali hata mtungaji akiwa kaburini. Hiyo ndiyo faida ya kitabu juu ya ulimi.

MWANAHABARI: Nami nauona ushahidi huo huo umesimama upande wangu. Wale wachache waliojua Kiingereza, na waliokuwa na maktaba yenye majuzuu yale mawili, ndio walioona wapi pa kusahihisha. Watu wa Kilwa Masoko, na wale waongozao wageni katika magofu ambayo tangu 1981 yameandikwa katika urithi wa dunia, wao walipokea tarehe, hawakupokea sababu. Laiti mtu mmoja, katika uhai wa mwanazuoni yule, angalimwuliza mbele yao kwa lugha yao: Bwana, ni kitu gani ambacho kikitoka ardhini kesho kitakufanya uifute tarehe hii? Yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, angalijibu pasipo taabu: sarafu ya mtu huyu ikipatikana pamoja na kitu chenye mwaka ulio wa kale zaidi. Basi watu wangalijua kwamba tarehe ile ni hukumu yenye rufaa, na dinari za Mtambwe zilipotoka zisingaliwashitua wala kuwafanya waseme, kama wengi wasemavyo, kwamba wanatarikhi hubuni.

BIBI MSIMULIZI: Hapo, mwanangu, umesema neno. Lakini nalo lina deni ndani yake, na deni hilo ni lako. Katika hao uwahojio, ni wangapi uliowahoji pahali palipoandikwa habari zao? Mtungaji wa kitabu cha Kilwa huulizwa Nairobi, huulizwa London, na mwenye kuuliza ni mtu ambaye, kama yeye, amekijua kisiwa kwa ramani. Mvuvi wa Kisiwani, ambaye babu yake alizikwa katika makaburi yaliyopigwa picha kitabuni, hana nafasi ya kusema: bwana, jina la kaburi hili sisi hatulijui hivyo.

MAALIM: Na akisema hivyo, atakuwa amesema kweli?

BIBI MSIMULIZI: Huenda ndiyo, huenda siyo. Wewe si ndiye uliyesema kila huenda ihifadhiwe? Basi na hiyo ihifadhiwe.

Hapo wasemaji walinyamaza, nami kama mwenyekiti nikaona imenipasa kutoa rai, si ya kumpa mmoja ushindi, bali ya kupambanua yaliyokubaliwa bila ya wenyewe kujua kuwa wamekubaliana. Tazama maswali waliyoyataja kuwa ni mazuri. Mchimbuzi alitaka msafiri aulizwe aliona nini na hakuona nini. Bibi alitaka mtungaji wa tarikhi ya kale aulizwe nani alikuwa akimtazama, na nani hakusikilizwa. Mwanahabari alitaka mchimbaji wa Kilwa aulizwe ni ushahidi gani utakaoibatilisha hukumu yake. Hakuna hata mmoja aliyetaka mwanatarikhi aulizwe ni nini kilichotokea. Na hilo, aghalabu, ndilo swali pekee linaloulizwa redioni na vyuoni, nalo ndilo lililomkasirisha Maalim tangu mwanzo, na kwa haki. Mwenye kutaka kujua kilichotokea na akisome kitabu, kwa kuwa humo kimeandikwa kwa utaratibu na kwa hadhari ambayo ulimi hauwezi kuifikia. Aendaye kwa mtungaji hana haja ya kurudishiwa kitabu kwa ufupi. Ana haja ya kuonyeshwa kimesimama juu ya nini, na ni upande gani kitaanguka kikisukumwa.

Katika maswali hayo matatu, lile la mwisho nalitukuza kuliko mengine, kwa sababu linawapambanua watungaji. Mwandishi wa Kitab al-Sulwa hakulazimika kulijibu, kwa kuwa aliandika ili mji wake uwe na asili tukufu, na asili tukufu haibatilishwi kwa ushahidi. Huaminiwa au hukanwa tu. Chittick, ambaye tarehe yake ilianguka, alikuwa amelijibu katika kila ukurasa wa majedwali yake, hata waliomsahihisha wakamsahihisha kwa vipimo alivyowaachia mwenyewe. Kwa hiyo kukosea kwake kumetufaa kuliko kupatia kwa mtu ambaye hakueleza njia yake. Tena ajabu ya kisa hiki ni kwamba maandiko ya kale, yaliyokosa hoja, yalikuwa karibu na kweli kuliko kitabu kilichojaa hoja. Nasi tuliweza kulijua hilo kwa njia ya hoja peke yake. Mtu akidhani kwamba jambo hili laipunguzia heshima elimu ya tarikhi, hajaielewa. Heshima ya elimu hii iko katika kuweza kusema ni wapi ilipoteleza, na ni kwa kipimo gani imejua.

Maalim hakuridhika kabisa, wala sikutaka aridhike. Alinijibu kwamba hata swali zuri huharibika likijibiwa hewani, kwa kuwa mtungaji akisema jambo jipya barazani ambalo kitabuni halimo, wanaomsikia hulichukua kama wahyi, ilhali halikupimwa na mtu yeyote. Hilo ni kweli, na limeongeza sharti katika hukumu yangu: jibu lolote alitoalo mwanatarikhi ambalo halimo kitabuni mwake ni deni juu yake, nalo hulipwa kwa kuandikwa, pamoja na ushahidi wake, katika chapa inayofuata au katika jarida, ili wengine walipime. Bibi naye akaongeza la pili, na hakuna aliyempinga, hata Maalim: kwamba kitabu cha tarikhi ya watu kisemwe mbele ya watu hao, kwa lugha yao, na masahihisho yao yaandikwe kwa tahadhari ile ile wanayoandikiwa maneno ya wasomi, yakubaliwe au yakataliwe, lakini yasipotee.

Kwa masharti hayo mawili nimekata shauri kwamba mazungumzo na wanatarikhi yana faida, na kwamba faida yake hupotea pale tu mwulizaji anapoogopa kuuliza au mjibuji anapoogopa kusahihishwa. Mtungaji asiyeweza kutuambia ni nini kitakachombadilisha rai, na tumwachie kitabu chake akisome mwenyewe. Yule anayeweza, na tumwite tena, na safari hiyo mkutano uwekwe Kilwa.